Kabla ya Kununua Jenereta, Uliza Ni Nani Atavuta Kamba

Wacha niseme maoni yangu mapema, mwenye kunipinga anipinge tukiwa bado na nguvu: jenereta nyingi nilizoona kwa nyumba za watu hapa Voi ni kubwa kuliko kazi yake. Watu wananunua jenereta vile mtu hununua sofa. Anaangalia ukubwa, anaangalia rangi, anajiuliza kama jirani ataiona ikishushwa kwa pikapu. Halafu stima ikipotea, mtambo wenyewe unakunywa petroli ya zaidi ya mia mbili kila saa ili kuwasha taa nne na televisheni.

Najua kuna mtu atauliza, na wewe ni nani? Ni swali halali. Niliacha chuo mwaka wa pili, na hata hivyo nilikuwa nasomea biashara, si umeme. Siku hizi natengeneza video kuhusu maisha ya huku kwetu, kuanzia Voi hadi Taveta. Lakini mwaka huu nyumbani tumebishana kuhusu jenereta kwa miezi miwili mizima, na pesa zilizokuwa mezani zilikuwa na jina langu.

Zilikuwa ni pesa za harambee ya ada. Nilipoacha masomo zilibaki shilingi elfu sabini na tano, na hakuna aliyejua la kuzifanyia. Kurudisha? Kwa nani, na watu wengi walitoa mia tano mia tano na wengine wakatoa kuku? Mama akasema zifanye kitu kitakachosaidia nyumba nzima. Mjomba, ambaye ndiye aliyetoa nyingi kuliko wote na anafanya kazi Mombasa, akatuma sauti kwa grupu ya familia: nunueni jenereta. Tena kubwa. Akaongeza, kwa ile sauti ya mtu anayecheka na hachekI vizuri, kwamba angalau jenereta haiwezi kuacha kazi katikati.

Nilimeza mate nikanyamaza. Lakini hapo ndipo nilianza kusoma.

Ujue kwanza kwa nini kwetu stima si mambo ya starehe. Tunaishi Mwakingali. Mama ana friza ya kulala, ndiyo kazi yake: barafu, juisi ya ukwaju, maziwa ya mgando, na nyama za majirani ambao hawana friji. Voi jua likiwa limekasirika, Januari hadi Machi hivi, joto linapita nyuzi 30 kwa urahisi na barafu ndiyo pesa. Halafu kuna Bibi, mama yake Mama, ana kisukari na anajidunga insulini. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Ile iliyofunguliwa inaweza kukaa nje ya friji wiki nne hivi, lakini chini ya nyuzi 30, na hizo nyuzi 30 nyumba ya mabati ya Voi inazipita kabla ya chakula cha mchana. Na usiseme basi itiwe kwa friza. Insulini ikiganda imeharibika, ni ya kutupa.

Kwa hivyo stima ikipotea saa kumi na mbili ya jioni na hujui itarudi lini, kwetu kuna watu wawili wanaoangalia saa kwa sababu mbili tofauti.

Na stima kupotea hakuna anayeweza kukuahidi haitatokea. Juni 2016 tumbili mmoja alianguka kwenye transfoma pale kituo cha Gitaru, na nchi nzima ikazima kwa saa kadhaa. Tumbili! Tena alipona, akachukuliwa na watu wa wanyamapori. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya yote iliingia giza, na kabla ya mwaka huo kuisha tukarudia tena Novemba na Desemba. Ile ya Agosti ndiyo inayonifundisha mpaka leo. Uwanja wa ndege wa JKIA ulikuwa na jenereta, si ya duka la vifaa vya ujenzi, ni mitambo ya serikali. Jenereta ya sehemu moja ya abiria ikakataa kuwaka. Watu wakakaa gizani na mizigo yao, na waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, akaomba msamaha hadharani. Weka hiyo kando kichwani, nitaihitaji tukifika kwa Mama.

Sasa hesabu. Hii ndiyo sehemu ambayo wauzaji hawapendi.

Chukua karatasi, andika kila kitu ambacho hakiwezi kungoja. Si kila kitu ulicho nacho, ni kile ambacho hakiwezi kungoja. Kwetu ilikuwa hivi: friza kama wati 150, friji 120, balbu tano za wati 9 ambazo ni 45, laptopu yangu 65, waifai 12, simu za kuchaji tuseme 30. Jumla ni wati 422. Ndiyo hiyo. Nyumba nzima, pamoja na biashara, pamoja na kazi yangu, haifiki nusu kilowati.

Mtego uko kwa vitu vyenye mota. Friji, friza na pampu ya maji vikianza kuzunguka vinavuta mara tatu, nne, hata tano ya wati zake za kawaida, kwa sekunde chache tu. Friza yetu ya 150 inaweza kutaka 750 inapoamka. Kwa hivyo unachukua ile 422, unatoa 150, unaongeza 750, unapata 1,022. Na ukiwa na akili huwashi friji na friza kwa mpigo. Unawasha moja, unangoja itulie, ndiyo unaweka ya pili. Zikiamua kuamka pamoja baadaye zenyewe, unahitaji kama 1,500. Jenereta ya wati 1,800 za kudumu inatosha na inabaki.

Sema ‘za kudumu’ ukiwa dukani, usione haya. Kwenye boksi huandikwa namba mbili, na ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni ya kilele, nguvu ambayo mtambo unaweza kutoa kwa muda mfupi tu kabla haujaanza kulia. Na ukiona kVA, zidisha kwa 0.8 ndiyo upate kilowati. Ile ya Mjomba ya kVA 6.5 ni kama kilowati 5.2. Sisi tunataka nusu ya moja.

Mtu husema si kitu, kubwa ni kubwa, utaitumia kidogo. Hapo ndipo petroli inakufundisha adabu. Jenereta ya kawaida lazima izunguke mara 3,000 kwa dakika ili itoe stima ya hezi 50 kama ile ya laini. Uwe unawasha balbu moja au unapiga weldingi, injini inakimbia mbio ile ile. Mtambo wa kVA 6.5 ukiwa na mzigo mdogo kama wetu bado utakunywa kama lita moja na robo kwa saa. Tuseme lita ni 180. Hiyo ni 225 kwa saa, na usiku wa saa nane ni 1,800. Mama siku nzuri ya barafu anaweka faida ya mia saba. Na hatujasahau kuwa Oktoba 2023 petroli ilifika 217 pale Nairobi, na bei hubadilishwa kila katikati ya mwezi.

Ile ya inveta, ndogo, inafanya kazi tofauti. Stima yake hupitia kwa vifaa vya kielektroniki ndani ambavyo ndivyo vinavyoipanga kuwa hezi 50, kwa hivyo injini ina ruhusa ya kupunguza mwendo mzigo ukiwa mdogo. Nusu lita kwa saa hivi. Tena stima yake ni safi, haipandi na kushuka, kitu ambacho mimi nilikijali kwa sababu ya laptopu. Ubaya wake ni bei, na fundi wa kawaida akiifungua anaweza kukaa anaitazama tu. Sitakuficha hilo.

Lakini kitu kilichobadilisha hesabu yetu kabisa si jenereta, ni friza yenyewe. Friza iliyojaa, isiyofunguliwa, huhifadhi baridi hadi siku mbili. Iliyojaa nusu, kama siku moja. Kwa joto letu punguza hapo, na kwa watoto wanaofungua kila dakika punguza tena, lakini bado ni saa nyingi sana. Friji ya kawaida ni saa nne hivi tu. Yaani friza ya Mama tayari ni betri, betri ya baridi, na ameilipia kitambo. Hakuna haja ya kuunguruma usiku kucha. Unawasha saa mbili jioni, saa mbili asubuhi. Saa nne kwa nusu lita ni lita mbili, shilingi 360. Usiku ule ule wa 1,800.

Insulini nayo tukaipangia hivi: chupa za maji zilizoganda zinatoka kwa friza zinaingia rafu ya juu ya friji, insulini inakaa rafu ya chini mbali na barafu, mlango haufunguliwi. Na kuna njia ya zamani ambayo Bibi mwenyewe aliikumbusha, mtungi ndani ya mtungi, katikati mchanga uliolowa maji. Hewa ya Voi ni kavu, maji yanakauka kwa kasi na kuondoka na joto. Hauwi friji, lakini ile insulini iliyofunguliwa unaiweka salama. Mombasa kwenye unyevu mtungi haungefanya kazi vizuri hivyo. Nilimwambia Mjomba hivyo, akasema ati sasa tumerudi kwa mitungi.

Vitu vya kutoa kwa orodha bila huruma: pasi, birika la stima, na shawa ya maji moto, ambayo peke yake inataka kilowati nne na zaidi. Na nani kwanza anaoga maji moto Voi? Wundanyi nawaelewa, huko ni zaidi ya mita 1,300 juu na asubuhi ni baridi ya kweli. Ila ninyi wa Wundanyi mjue pia hewa yenu nyepesi hula nguvu za injini, kama asilimia 3 kwa kila mita 300. Mkinunua, ongezeni kidogo.

Pasi lakini ina kazi moja. Nilipoenda dukani nilibeba pasi ya Mama kwa mfuko, ya wati 1,200. Muuzaji akanicheka. Nikamwambia awashe jenereta, aweke balbu moja, halafu mimi nichomeke pasi. Ile ya kwanza aliyonionyesha, iliyoandikwa 2,500 ubavuni, ilishusha pumzi, balbu ikawa nyekundu kama kaa la moto, na ikazima. Kicheko kikaisha. Kama ndani waya zimesukwa kwa alumini badala ya shaba, au namba ni za uongo, huwezi kuona kwa macho, lakini pasi haidanganyiki. Duka likikataa kujaribiwa, toka.

Kuna mambo mawili ambayo sitaki kuyafanyia mzaha. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, ile ile ya jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa. Haina harufu wala rangi, unalala na huamki. Kwa hivyo nje, mita sita au zaidi kutoka dirishani, na moshi uelekee kule ambako hakuna mtu. Si kwa veranda, si jikoni mlango ukiwa wazi kidogo. Ndiyo, nje inaweza kuibiwa. Funga kwa mnyororo. Na petroli ikae mbali na jiko, usimimine mtambo ukiwa bado una joto.

La pili ni ule waya wenye plagi dume pande zote mbili, ambao watu huchomeka kwa soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake. Transfoma inayoshusha volti 11,000 kuwa 240 hufanya kazi pande zote. Ukiirudishia 240 kutoka kwako, inapandisha. Huko juu ya nguzo kuna kijana wa kampuni ya stima ambaye ameambiwa laini imekufa. Swichi ya chenjova na fundi mwenye leseni vilitugharimu elfu sita. Mjomba aliona ni nyingi. Mimi sikutaka hata kulijadili.

Kelele nitazipita haraka. Kanuni za kelele za 2009 zinataka desibeli 35 tu usiku kwenye makazi, na sijaona jenereta ya nyumbani inayofika hapo ukisimama karibu nayo. Lakini ndogo unaweza kuongea kando yake, kubwa unapiga mayowe. Jirani yetu ana mtoto wa miezi mitatu na nyama yake iko kwa friza yetu, kwa hivyo anatuvumilia, lakini uvumilivu wenyewe una saa zake.

Pamoja na haya yote, bado nilikuwa nashindwa. Nilituma karatasi yangu kwa grupu. Shangazi akaweka dole gumba. Mjomba akatuma picha ya mtambo wa elfu sabini na mbili, mwekundu, na magurudumu. Akaandika kwamba hesabu ni nzuri lakini huwezi kujua kesho, labda Mama atanunua friza ya pili, labda wageni watakuja. Na ukweli, ndani ya hayo maneno kulikuwa na kingine: kwamba pesa za watu zilishapotea mara moja kwangu, na sasa mimi tena ndiye nataka kusema zinunue nini.

Mama ndiye aliyemaliza. Hakusoma karatasi yangu wala hakuangalia ile picha. Aliuliza swali moja, jioni, akiosha chupa: ‘Hizi zinawashwaje?’

Nikamwambia nyingi ni kamba. Unavuta.

‘Na wewe ukiwa Taveta na hizo video zako?’

Nyumbani ni Mama, Bibi, na dada yangu wa gredi ya nane. Mama bega lake la kulia lina shida tangu alipoanguka kisimani miaka mingi iliyopita. Ile ya Mjomba ina injini ya karibu cc 400. Ina ufunguo wa kuwashia, ni kweli, lakini ufunguo unategemea betri, na betri iliyokaa miezi mitatu bila kuchajiwa imekufa, na ikifa unarudi kwa kamba, na hiyo kamba hata mimi huivuta nikikunja uso. Uzito wake ni kama kilo 80. Nani ataitoa nje usiku? Ndogo ni cc 80 na kilo kama 20.

Tulienda dukani wote wawili, siku ya soko. Mama akavua leso ya begani, akavuta ya kwanza kwa mkono wa kushoto. Haikuwaka. Akavuta tena, ikawaka. Akaiacha kidogo, akaizima mwenyewe, akaniambia lipa.

Elfu arobaini na nane. Na pasi yake ilishikilia bila hata balbu kutikisika.

Sasa kila Jumamosi anaiwasha dakika kumi na tano na friza ikiwa imechomekwa, hata kama stima ipo, kwa sababu nilimweleza habari za JKIA na zilimkaa. Mtambo usiowashwa hugandisha petroli kuukuu kwenye kabureta, na siku ya shida unavuta mpaka jasho. Chujio la hewa analipiga vumbi mwenyewe. Hili vumbi letu jekundu, linalowapaka ndovu wa Tsavo rangi, linajaza chujio upesi kuliko kitabu cha maelekezo kinavyosema, kitabu kiliandikwa na watu ambao hawajawahi kufika Voi. Mwezi uliopita stima ilipotea kuanzia saa moja usiku hadi karibu adhuhuri ya kesho yake. Nilikuwa Taveta. Nilipiga simu saa tatu usiku, sikusikia vizuri kwa mngurumo, dada akapiga kelele kwamba Mama yuko nje anahesabu saa mbili zake na niache kumsumbua. Barafu iliuzwa asubuhi kama kawaida. Insulini tulipima kwa kipimajoto kidogo nilichonunua mia tatu, nyuzi 7.

Mjomba alikuja Desemba, akaizunguka, akaipiga teke dogo la gurudumu ambalo haina. ‘Hii ndiyo ada?’

Mama akamwambia avute.

Zimebaki elfu kumi na tisa: ukitoa mtambo, chenjova na fundi, oili na jerikeni. Mimi nataka betri na paneli ya taa na waifai, jenereta ibaki ya friza peke yake, kwa maana jua hapa tunalo la kumwaga. Mjomba anasema hizo zikae, kwamba muhula unaanza Septemba na huwezi kujua. Mama amezifunga kwa leso na hajasema kitu.